Mama Mkwe Juu ya Baiskeli

Mwaka ule homa ya mifupa ilipoingia Kirewa, kijiji cha Uganda karibu na Tororo, iliwakuta watu shambani wakiwa na jembe mkononi, ikawaketisha chini. Haikuwa malaria waliyoizoea. Mtu aliamka mzima, mchana macho yakaanza kumuuma kwa ndani, na jioni hakuweza kunyoosha magoti. Ilishuka kutoka kaskazini, kijiji kwa kijiji. Haikuua wengi, lakini ilikuwa kawaida kukuta nyumba nzima imelala, hakuna wa kuchota maji.

Rasto hakuwa mtu wa Kirewa. Alikuwa Msamia wa Busia, kijana mwenye mapaja ya chuma, aliyepata riziki yake kwa kupakia watu na mizigo nyuma ya baiskeli, kutoka upande wa Uganda hadi upande wa Kenya na kurudi. Kirewa palikuwa kwao mkewe, Apendi. Siku hizo Apendi alikuwa huko kumsaidia mama yake, Aboth, ambaye alikuwa mjamzito. Jambo hilo lilimtia Aboth haya. Alikwisha kuwa nyanya, alidhani uzazi umemwacha, kumbe bado. Akawa anavaa gauni pana la gomesi na kukaa mbali na njia.

Mwuza samaki mmoja ndiye aliyeleta habari Busia kwamba homa imefika kwa kina Apendi. Rasto hakusubiri kumaliza chai. Alipofika, alimkuta mkewe mlangoni, amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Yeye homa ilikuwa imemwachia, bado magoti tu. Aliyekuwa hoi ni mama. Joto lilikuwa limempanda tangu juzi, na asubuhi ile tumbo lilianza kumkaza, likiachia na kukaza tena, na mwezi wa mtoto ulikuwa haujafika. Baba mkwe, Owor, alikuwa Tororo kwenye kiwanda cha saruji. Majirani walikuwa wamelala kila mmoja kwake. Mkunga wa kijiji naye alikuwa chini.

Ilibaki baiskeli, na mwenye baiskeli.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Tangu amwoe Apendi, Rasto hakuwahi kuzungumza na mama mkwe ana kwa ana. Wakikutana njiani, Aboth aliingia kwenye mtama mpaka mkwewe apite. Salamu zilipitia kwa Apendi, hata kama wote watatu wako uani. Hakukuwa na ugomvi wowote, ilikuwa ni heshima tu, na Aboth aliishika kuliko wanawake wote wa Kirewa. Alipoambiwa apande baiskeli ya mkwewe, aligeukia ukuta akasema bora afie palepale.

Apendi aliketi kando ya kitanda. Kwa kuwa alijua Rasto anasikia nje, alisema kwa Kiswahili ili wote wawili waelewe.

"Mama, kufa utakufa na huyo aliye tumboni. Yeye hana mkwe wa kumwonea haya."

Aboth akaomba shuka.

Walikubaliana hivi: Aboth ajifunike kichwa, apande akitazama nyuma, mgongo wake uelekee mgongo wa Rasto, wasionane wala kugusana. Rasto aliweka gunia lililojaa majani ya migomba juu ya chuma cha nyuma ili pawe laini, akageuka upande mwingine wakati Apendi akimpandisha mama yake na kumfunga kwa kitambaa asianguke. Kisha akaanza kusukuma. Hakupanda mpaka walipofika barabara kubwa, na hata hapo alikanyaga polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Mwanzoni Rasto alisikia pumzi za mama mkwe tu, na kila tumbo lilipokaza alimsikia akishika chuma. Alisimama kila mara, akapitisha chupa ya maji nyuma bila kugeuka, akatazama mashamba mpaka mama mkwe airudishe. Walipoanza kushuka mteremko, baiskeli iliyumba kwenye kokoto, na mkono wa moto ukamshika mkanda kwa nyuma. Rasto aliona aibu mpaka masikio. Mkono haukutoka.

"Wewe nakwenda mbio," sauti ilisema kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Ndilo neno la kwanza mama mkwe kumwambia. Rasto akaomba radhi, akapunguza mwendo. Baadaye kidogo sauti ikamwuliza kama ni kweli Busia kuna nyumba ambayo mlango wa mbele uko Kenya na wa nyuma Uganda. Rasto alisema ipo, na yeye hupakia wageni wa milango yote miwili. Alisikia kitu kama kicheko, kikakatizwa na maumivu. Akaendelea kumsimulia habari za mpakani, za mama wa Malaba aliyebebwa pamoja na mbuzi na mbuzi akala kofia yake, ili tu aendelee kumsikia mama mkwe nyuma yake na kujua bado ana fahamu. Aboth naye, maneno mawili mawili, alimwambia kwamba Apendi alipokuwa mdogo alikuwa mkaidi hivihivi. Kwa kuwa hawakutazamana, ilikuwa kama kila mmoja anazungumza na barabara.

Zahanati ya misheni ilikuwa upande huu wa Tororo, na mkunga wake aliitwa Truphena, mama mfupi mwenye sauti ya upole. Alimlaza Aboth, akampima joto, akaweka mikono tumboni. Alipomgeukia Rasto kumwuliza kama yeye ndiye mume, Rasto karibu akimbie. Aliposikia ni mkwe, na wametoka Kirewa kwa baiskeli, mkunga aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye beseni, akificha tabasamu.

Halafu akaeleza bila kuficha. Homa ile huenda ilikuwa ndiyo homa ya mifupa iliyotoka kaskazini, huenda ilikuwa dengue, ambayo watu wa pwani huiita kidingapopo. Zinafanana kama ndugu, na pale hawakuwa na njia ya kuzitofautisha. Zote huletwa na mbu, wala hakuna dawa ya kuziua, ila kumtunza mgonjwa. Kwa mwenye mimba, hofu ilikuwa ya namna tatu. Joto na kukaukiwa maji vingeweza kuuamsha uzazi kabla ya wakati. Damu ingeweza kuwa nyepesi ikakataa kuganda. Na mtoto akizaliwa mama akiwa bado na homa, angeweza kuzaliwa nayo.

"Amemeza dawa gani?" aliuliza.

Aboth alifungua pindo la shuka. Ndani mlikuwa na aspirini za dukani, nyingine zimekwisha kumezwa. Truphena alizichukua. Alisema kwamba dawa hizo huifanya damu kuwa nyepesi, na kwenye homa kama hii hataki kuona hata kidonge kimoja. Joto wangelishusha kwa vitambaa vya maji.

Kazi kubwa ikawa kumnywesha. Maji ya chumvi na sukari, uji mwepesi, machungwa yaliyokamuliwa. Wagonjwa walikuwa wengi na wauguzi wachache, kwa hiyo Rasto ndiye aliyechanganya na kuleta. Aliweka kikombe kwenye kigoda, akakohoa, akatoka. Akirudi alikikuta kitupu. Kufikia jioni tumbo lilikuwa linakaza mara mojamoja, na alfajiri likatulia kabisa.

Habari zilimfikia Owor kiwandani, akaja vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi. Rasto alimsubiri nje, akamwambia yote akiwa ametazama chini, mpaka habari ya mkanda. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungemwacha nyumbani, ningekuuliza," alisema. "Umemleta. Nikuulize nini tena?"

Akamshika bega, akaingia ndani.

Homa ilishuka, na Aboth akataka kurudi kwake kupalilia. Truphena alimkatalia. Alisema siku hizo za joto kushuka ndizo za kuangaliwa zaidi, na hakukosea, kwa maana kesho yake Aboth aliamka na vipele vyekundu mikononi na damu kwenye fizi. Owor alikaa kando ya kitanda bila kula. Mkunga alimtazama kila saa, akamnywesha, akamkataza kushuka kitandani. Damu haikuzidi. Baada ya siku kadhaa fizi zilipona, hamu ya chakula ikarudi, na Aboth akaanza kulalamika kwamba uji wa zahanati hauna karanga. Truphena alisema sasa ndiyo amepona.

Hata hivyo walimweka karibu, kwa jamaa wa Owor mjini Tororo, mpaka wakati wake ulipotimia. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo wa mwili, lakini alinyonya kwa nguvu na hakuwa na joto. Truphena alimchunguza kwa juma zima kabla ya kumwachia.

Siku ya kumbatiza, Rasto na Apendi walikwenda Kirewa. Wazee walikuwa wamejadiliana kama ile safari inahitaji kusafishwa kimila, wakakata shauri kwamba kuku mmoja atatosha, aliwe na familia zote mbili. Aliliwa kwa ugali wa wimbi na mchuzi wa karanga. Aboth alikula jikoni na wanawake wenzake, Rasto akala uani na wanaume, kila mtu mahali pake. Hakuna aliyetaka heshima ibadilike, hata Rasto mwenyewe.

Ila walipokuwa wakiaga, Aboth alitoka na kifurushi cha karanga zilizosagwa. Hakumpa Apendi ampelekee. Alikiweka mwenyewe juu ya tandiko la baiskeli, akatazama upande wa mtama, akasema, "Hii ya kwako, mwanangu."

"Asante, Mama," Rasto alisema, naye akitazama mtama.

Njiani Apendi alikaa nyuma yake, magoti yake yamekwisha kupona, akamwuliza siku ile yeye na mama walizungumza nini mwendo wote ule. Rasto alifikiri kidogo, akasema walizungumza habari za mbuzi. Apendi alimwambia ni mwongo. Jua lilikuwa la upole, barabara imekauka vizuri baada ya mvua, na Rasto akaanza kukanyaga kuelekea Busia.