Chini ya Mstari wa Njaa

Watu wote waliomba mvua isipokuwa fundi cherehani mmoja, naye kwenye maombi aliitikia amina kwa midomo tu. Moyoni aliomba mto upungue inchi nne zaidi. Lilikuwa ombi la aibu, na aibu hiyo aliijua vizuri, maana kutwa nzima alikuwa akipunguza viuno vya sketi na suruali za majirani waliokonda.

Kila asubuhi alishuka mtoni na futi yake ya kupimia nguo, akalipima jiwe kubwa la ukingoni. Waliotangulia walichonga mstari juu yake kila mwaka wa njaa, pale maji yalipokomea. Mwaka huu mistari yote ilikuwa nje isipokuwa ule wa chini kabisa.

"Fundi, huo mto unaushonea gauni?" jirani yake, muuza mkaa, alimtania.

"Naupunguza kiuno, kama chako."

Mama yule wa mkaa akacheka, akaenda zake na ndoo. Hakumwuliza zaidi, na hata angemwuliza, asingeambiwa.

Miaka thelathini na moja nyuma, katika njaa ya mstari ule wa chini, fundi alifiwa na mtoto wa miezi saba, wa kwanza na wa mwisho. Mtoto alizikwa shimo moja na wengine, bila hata kibao. Kesho yake mumewe, mwashi, alitoweka tangu alfajiri, akarudi jioni macho mekundu.

"Nilikuwa mtoni," alisema. "Nimemwandika mtoto jiweni, chini ya mstari; maji yameshuka tena tangu uchongwe."

"Ulikuwa kilabuni. Mimi si wa kudanganywa."

Wiki ileile mto ukajaa kabla fundi hajaenda kutazama, na kesi ikabaki bila ushahidi. Tangu hapo, kila walipogombana, hata kwa chumvi kuzidi, alimwita mwongo. Mwashi akaacha kujibu. Mwaka juzi alikufa, na fundi akabaki anakula peke yake, mgongo kwa kiti cha pili.

Tangu Jumatatu angeweza kulitafuta jina kwa kupapasa chini ya maji. Hakuthubutu. Kama hakuna kitu, vidole vyake vingemwambia hakuna kitu, na hapo pa kukimbilia hapakuwepo.

Alhamisi mchana, zikiwa zimebaki inchi mbili, ngurumo zikasikika upande wa vilimani. Fundi aliacha sketi ya mteja imening'inia kwenye sindano, akakimbia. Aliingia na viatu vyake. Maji yalimfika kiunoni, nayo yalishaanza kuwa mekundu kwa udongo. Akainama mpaka shavu likagusa jiwe, akapapasa.

Kulikuwa na mkwaruzo wa patasi, ukafuata mwingine. Herufi tano, jina zima, limechongwa kwa kina na kwa usawa. Chini yake kulikuwa na vijistari saba, kimoja kwa kila mwezi aliouishi mtoto.

"Nisamehe," alisema kwa sauti. "Nisamehe, baba wa mtoto wangu."

Mvua ikaanguka, na vigelegele vikapasuka ukingoni. Muuza mkaa alimshika mkono akamvuta nje, huku naye machozi yakimtoka.

"Lia, dada, lia tu! Mungu ametusikia sote."

Fundi alimwacha amkumbatie. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikufa akiitwa mwongo.