Kitabu cha Chumvi na Kitabu cha Nzige

Theodosia alijisifu mbele ya watu kwamba hakuna ukoo kuanzia Kasulu mpaka Kibondo asioujua hadi babu wa tisa: nani alimzaa nani, nani aliiba ng'ombe wa nani, na nani alizaliwa akifanana na jirani. Wa kwake mwenyewe aliujua mpaka kwa baba yake tu, mzee Ntirampeba, na huyo naye kwa kauli ya mama.

Sifa yake ya pili ilikuwa umri. Mwaka ule wa 1978, redio ilipotangaza kwamba mwezi wa nane watu wote watahesabiwa, kijiji kizima cha Rungwe Mpya kilianza kujikuna kichwa kikitafuta kilizaliwa lini. Theodosia hakujikuna. "Arobaini na miwili," alisema. Ukimuuliza tena, alisema arobaini na mmoja. Na ili watu wazoee, alimwamkia shikamoo kila aliyekutana naye njiani, hata vijana ambao ndevu zao zilikuwa bado zinaomba ruhusa ya kutoka. Akicheka, aliziba mdomo kwa kiganja kama mwali.

Yote hayo ni kwa sababu ya Ildefonsi, fundi wa mizinga ya nyuki. Ildefonsi alikuwa mjane, mwenye asali, shamba la maharage, na nyumba ya bati isiyovuja kabisa, ila mvua inyeshe. Tangu azike mke wake hakuna aliyemwona akicheka, mpaka siku Theodosia alipomsimulia jinsi padri alivyobatiza pacha mmoja mara mbili na mwenzake akabaki mpagani. Tangu siku ile akawa anapeleka asali kwa Theodosia, kopo kwa kopo. Na Theodosia, mjane pia, aliyekuwa amechoka kupikia chungu cha mtu mmoja na kuwasimulia kuku vichekesho, alijua kwamba mwanamume huyu akimponyoka, hapati mwingine.

Lakini Ildefonsi alikuwa na sharti.

"Nimeshazika mke mmoja," alisema. "Kaburi nililichimba kwa mikono hii. Sitaoa tena mtu wa kunitangulia. Wewe ni mdogo kwangu kweli?"

"Kwa miaka miwili mizima."

Hapo ndipo alipoingia Maximilla, dada mkubwa wa Ildefonsi, ambaye alikula kwa kaka yake asubuhi na jioni, na hakuona haja ya kuongeza mdomo mwingine kwenye sufuria.

"Yemwe, Ildefonsi!" alisema. "Mama huyo akichuchumaa, magoti yanapiga mbiu. Mdogo kwako wapi?"

"Umri wangu serikali inao," Theodosia akajibu. "Mwaka wa chumvi niliandikwa kitabuni, na kitabu kilihamishiwa bomani Kibondo. Twendeni tukakifunue, na ndoa tukafungie huko huko. Kasulu kila mtu atakuwa na neno."

Basi wakapanda lori la maharage, wote watatu, maana Maximilla alisema neno lake linaweza kusafiri. Njiani Theodosia alitulia juu ya magunia kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alikijua kitabu kile. Zamani, miaka thelathini nyuma, enzi za Mwingereza, hesabu ya watu ilipokuja Titye, uvumi ulitangulia kwamba kila mtoto atapewa kibaba cha chumvi ya Uvinza, na mtu mzima hapati kitu. Siku ile Titye nzima ilirudi utotoni. Theodosia alikuwa mke wa mtu upande wa Kakonko, lakini alitembea kwa miguu mpaka kwa baba yake, akachuchumaa katikati ya watoto wa kweli na wa kuazima, akanyonya kidole. Bibi yake mzaa mama alichuchumaa pembeni yake, akaandikwa mtoto, miaka tisa, mwenye mvi. Chumvi haijafika mpaka leo. Umri ulibaki, na Theodosia aliutunza vizuri. Alichokisahau ni akina nani wengine walichuchumaa siku ile.

Karani wa bomani alikuwa Abdulrahmani, mtoto wa wenye duka la nguo pale Kibondo, ambaye babu yake alitoka pwani. Shati lake lilipigwa pasi mpaka linakata.

"Shikamoo, baba," Theodosia akamwamkia.

Abdulrahmani, aliyekuwa na umri wa kuwa kitinda mimba wake, aligeuka nyuma aone baba ni nani.

"Nikusaidie nini, bibi?"

"Bibi nani?"

"Samahani. Dada." Akasikiliza shida yao, akasikiliza na neno la Maximilla, akaliandika kuwa pingamizi la ndoa. Kisha akaleta kitabu, akapuliza vumbi. "Tuone. Karatasi haina mdomo, ndiyo maana haisemi uongo. Nyumba ya Ntirampeba, Titye. Mtu mzima, mmoja. Watoto, ishirini na tatu." Akainua macho.

"Baba alikuwa na baraka," Theodosia akasema.

"Theodosia, mtoto wa kike, miaka kumi na miwili."

"Haya! Piga hesabu mpaka leo! Arobaini na miwili! Maximilla, masikio unayo?"

Ildefonsi alitabasamu mpaka kofia ikasogea. Abdulrahmani kidole chake kiliteremka mstari mmoja, kikasimama.

"Anayefuata ni kaka yake. Ildefonsi, miaka kumi na minne."

Kofia ya Ildefonsi ikarudi mahali pake.

"Ildefonsi gani?" Ildefonsi akauliza. "Mimi ni wa Niyitegeka."

Karani akafunua mbele. "Kwa Niyitegeka upo. Na kwa Nsabimana pia upo, ila kule una miaka kumi na mmoja. Una baba watatu, mzee."

"Siku ile kila nyumba walinipa kiazi," Ildefonsi akasema polepole, kama mtu anayeota ndoto ya zamani. "Wakaniambia nichuchumae tu."

"Nakuelewa. Lakini siwezi kumwozesha mtu dada yake kwa sababu ya kiazi."

Maximilla alipiga kigelegele. "Nilijua! Damu yangu ilikuwa inakataa!"

"Maximilla," Ildefonsi akasema, "siku mama ananizaa, wewe si ndiye uliyechemsha maji?"

"Ego, nilichemsha. Lakini mimi ni nani nibishane na serikali?"

Theodosia aliona asali yote ya Rungwe Mpya ikimwagika chini. "Bwana karani, kitabu hicho kinadanganya!"

"Na umri wako uliomo humo?"

"Huo ni wa kweli. Uongo unaanzia mstari unaofuata."

Abdulrahmani alifikiri. Alikuwa kijana wa haki, na pia alitaka watu hawa watoke kabla ya sala ya adhuhuri. Akaingia chumba cha ndani, akarudi na kitabu kingine, kikubwa, chenye kona zilizoliwa na mende.

"Hiki ni cha mwaka wa nzige, miaka mingi kabla ya chumvi," alisema. "Kiliandikwa na karani wa mwami, yule chifu wa zamani. Mwaka ule hapakuwa na chumvi wala ahadi ya chumvi, kwa hiyo watu hawakuwa na sababu ya kuwa watoto. Tena karani yule alikuwa mtu wa wasiwasi, aliogopa kuhesabu mtu mara mbili, akaandika kila mtu na alama yake ya mwili. Nyumba ya Niyitegeka. Wake wawili, watoto watatu. Maximilla, kovu la moto mkono wa kushoto."

Maximilla akauficha mkono ndani ya kitenge.

"Na tumbo moja."

"Tumbo?"

"Mke mdogo alikuwa mjamzito. Karani hakutaka kuacha mtu."

Ildefonsi alivua kofia. Maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba serikali ilimjua kabla mama yake hajamwona. "Tumbo moja," akanong'ona. "Ndiye mimi."

"Inawezekana, ila tumbo halikuandikwa jina. Tuone kwa Ntirampeba." Kidole kikatembea. "Theodosia, binti, anachunga mbuzi wa baba yake. Alama: jino la mbele la juu limekatika nusu, aling'ata jiwe kwenye maharage."

Mkono wa Theodosia ulipanda mdomoni wenyewe, bila kuagizwa.

"Sasa nisikilizeni," Abdulrahmani akasema. "Kama binti huyu mwenye mbuzi ndiye wewe, basi mwaka wa chumvi hukuwa mtoto, kitabu cha chumvi kimedanganya, na mimi kikinidanganya mstari mmoja nautupa ukurasa mzima. Kaka anatoka, ndoa inafungwa. Kama si wewe, ukurasa unasimama, na kaka yako yumo."

Theodosia alipiga hesabu haraka kuliko karani yeyote. Akikubali, alikuwa anafukuza mbuzi wakati Ildefonsi ni tumbo, na Ildefonsi haoi mtu wa kumtangulia. Akikataa, ni kijana kabisa, lakini kijana wa kuitwa dada. Alitafuta mlango wa tatu, na kwa kuwa haukuwepo, akautoboa.

"Huyo ni dada yangu," akasema kupitia vidole. "Marehemu. Tuliitwa jina moja. Baba alikuwa mchoyo wa majina."

"Alikufa lini?"

"Mapema."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Kwa lile jiwe."

Abdulrahmani aliweka kalamu chini. "Basi pole kwa msiba. Lakini kama yule ni marehemu, wewe unabaki kwenye kitabu cha chumvi, na humo huyu bwana ni kaka yako. Pingamizi limesimama."

Nje lori lilipiga honi kuita abiria wa kurudi. Ildefonsi alikaa na kofia magotini, akitazama kitabu cha chumvi kama mtu anayetazama mzinga ulioingiwa na sisimizi. Mwishowe akauliza, si kwa kutaka kujua sana, ila kwa kuahirisha kuondoka:

"Na dada yangu Maximilla, mwaka wa chumvi, aliandikwaje?"

Abdulrahmani akatafuta. "Yupo. Naye kwa Ntirampeba. Maximilla, mtoto, miaka saba." Akasogeza jicho kwenye karatasi. "Ana mtoto mgongoni."

Theodosia alijaribu kujizuia. Mungu ni shahidi. Lakini alimwona Maximilla akiwa na miaka saba, amechuchumaa, ananyonya kidole, na mtoto mgongoni analia anataka ziwa. Kicheko kikamtoka tumboni kama maji ya mfereji, mikono yote miwili ikaruka ikapiga mapaja, na mdomo ukabaki wazi bila mlinzi.

"Jino!" Maximilla akapiga kelele, kidole mbele. "Tazameni jino! Limekatika nusu! Si niliwaambia ni mzee!"

Abdulrahmani alitazama mdomo, akatazama kitabu, akatazama mdomo tena. Theodosia akaufunga, lakini alikuwa anafunga zizi ng'ombe wako shambani.

"Ni jino la ukoo," akasema. "Wote tulikula maharage ya mama mmoja."

Ildefonsi alisimama. Alimtazama kwa muda mrefu, na pembeni mwa mdomo wake kitu kilianza kutikisika, kile kile cha siku ya pacha aliyebatizwa mara mbili.

"Nilidhani unaziba mdomo kwa haya," alisema. "Sikiliza. Marehemu akiwa dada yako, sisi ni ndugu, tunapanda lori, kila mtu na gunia lake. Marehemu akiwa wewe, mimi nimepona, maana mtu aliyekwisha kufa hawezi kunitangulia tena. Sema mwenyewe."

Theodosia alifungua mdomo. Akaufunga. Miaka arobaini na miwili aliyoitunza kama mbegu hakuwa tayari kuimwaga mezani. Alitazama paa, akatazama viatu vya karani.

"Husemi?"

Theodosia akarudi kutazama paa.

Basi Ildefonsi akaweka kofia kifuani, akainama kidogo kama mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya mkubwa wake, akasema taratibu:

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia Theodosia, kabla hajajikumbuka.

Na muhuri wa Abdulrahmani ukaanguka juu ya cheti cha ndoa, pu.