Maegesho ya Sebuleni

Fundi wa makochi alirudi kutoka hospitali mchana na kukuta gari la kijivu kwenye nafasi yake ya kuegesha. Juu ya dashibodi palikuwa na soksi moja ya mtoto na chupa ya maji iliyonywewa nusu. Jana lilikuwepo la buluu, na juzi gari la kubebea maua. Alisimama katikati ya njia, akawasha taa za tahadhari, akamgeukia mkewe aliyekuwa amejilaza kiti cha nyuma.

"Lipo?" mkewe akauliza bila kufumbua macho.

"Lipo."

"Rangi gani leo?"

"Kijivu."

"Haya," akasema, akaendelea kupumzika.

Nafasi hiyo ilikuwa namba saba, ubavuni mwa mlango wa jengo. Waliinunua pamoja na nyumba yao ya ghorofa ya pili kwa ajili ya miguu ya mke. Figo zake zilikuwa zimegoma kazi muda mrefu, na mara tatu kwa wiki alipelekwa kusafishwa damu kwa mashine. Akitoka huko alikuwa hoi bin taaban. Kutembea kutoka namba saba mpaka kwenye lifti ndio ulikuwa mwisho wa uwezo wake. Kutoka barabarani asingefika. Na kwenda nako kulikuwa na masharti yake, maana mashine haimsubiri mtu. Ukichelewa, kiti chako anakalia mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini mpaka zamu inayofuata.

Wenye magari hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomchosha Fundi kuliko yote. Wangekuwa wabaya angegombana nao akapumua. Walikuja saluni ya jirani, kwa daktari wa meno ng'ambo ya barabara, kwenye mazoezi ya kupunguza kitambi. Wote walikuwa na adabu, wote walimwamkia, wote walikuwa wanakaa dakika mbili tu. Alipoweka kibao, walikisogeza taratibu wasije wakakigonga. Alipofunga mnyororo, waliufungua na kuukunja vizuri pembeni. Mlinzi wa geti alivaa miwani ya mbao. Mwenyekiti wa jengo, ambaye alikuwa na nafasi mbili na gari moja, alimpiga Fundi danadana kutoka kikao hadi kikao, kila mara akimpa pole ya mgonjwa.

Mwenye gari la kijivu alitokea baadaye akiwa amembeba mtoto mwenye mguu mmoja mtupu. Aliomba radhi, akaondoka. Fundi alimfikisha mkewe juu, kisha akashuka na ufagio, kwa sababu mtoto alikuwa amemwaga makombo ya biskuti.

Alipokuwa akifagia kona ya nyuma, lami iliinuka kidogo. Fundi aliinama akaingiza vidole chini yake. Mikono yake ilikuwa imeyavua makochi mengi ngozi zao kuukuu, ikajua yenyewe pa kuvuta na pa kulegeza. Nafasi ilibanduka kwa mlio wa ngozi ya rekisini iliyokauka. Aliiviringisha kuanzia ukutani kuja njiani, mistari yake myeupe ikiwa ndani, pamoja na doa la oili na shada la nyasi lililokuwa limeota ufani. Ilikuwa na uzito wa godoro la mtoto. Aliitia begani. Nyuma yake namba sita na namba nane zilisogeleana, kama watu kwenye benchi mmoja wao akiinuka.

Mlinzi alikuja kumbonyezea lifti.

"Unaipeleka wapi, Fundi?"

"Juu."

"Sawa. Angalia tu isichubue kioo."

Mkewe, aliyekuwa kwenye kochi, aliitazama ile namba saba ikiingia mlangoni. "Usiiweke kwenye zulia," akasema. "Ina oili."

Usiku huo Fundi alilala fofofo, kitu ambacho hakuwa amekipata siku nyingi. Alijiona mjanja. Siku ya mashine ilipofika, aliitia nafasi kwenye buti na kuendesha mpaka mlango mkuu wa hospitali, akashuka, akaitandaza baina ya gari la wagonjwa na vyungu vya maua. Ilikaa vizuri bila kukunjamana hata kidogo. Alipoinuka kunyoosha mgongo, gari jeupe lilikuwa limekwisha ingia. Dereva akashusha kioo akamshukuru kwa kumwelekeza.

Ikawa hivyo kila alikokwenda. Kuitandaza kulimlazimu ashuke kwenye gari, na mtu aliyeshuka garini hawezi kuegesha. Alihitaji mwingine wa kushika usukani. Mkewe hakuwahi kujifunza kuendesha, na binti yao aliishi mbali sana. Kwa simu binti alishauri wanunue nafasi ya pili.

Fundi alikwenda kwa mwenyekiti.

"Fundi, ndugu yangu," mwenyekiti akamwambia kwa macho makavu, "nafasi umeing'oa mwenyewe kwa mikono yako. Sasa kikao kilinde kitu gani? Mama anaendeleaje?"

"Yupo."

"Mpe pole."

Kwa hiyo nafasi ilirudi nyumbani. Lakini kitu kama hicho hakiachwi kimeviringishwa. Ngozi ikikaa hivyo hupasuka kwenye mikunjo, na rangi nyeupe ya mistari ilikuwa imeanza kubambuka. Fundi alisogeza makochi na meza ukutani, akakunja zulia, akaitandaza sebuleni. Sebule yao haikuwa kubwa. Namba saba ilianzia kwenye mlango wa kutokea ikaishia kwenye mlango wa chumba cha kulala. Mkewe akavua ndala na kuikanyaga peku. Alisema ina ubaridi mzuri, na nyayo zake zilikuwa zikimwaka moto siku zile. Jioni walikaa hapo wawili, kila mmoja kwenye mstari wake, na mke alicheka kwa mara ya kwanza tangu miguu ianze kumvimba. Fundi alikuwa na furaha. Alifikiri angalau huku wenye magari hawatafika.

Asubuhi ya siku ya mashine alitoka jikoni na kikombe cha chai akakuta gari jekundu sebuleni. Injini ilikuwa bado ya moto. Liliegeshwa kwa uangalifu, katikati ya mistari, ila kioo cha pembeni kiligusa pazia. Bampa ya nyuma ilikuwa imeuziba mlango wa chumba cha kulala, na humo ndani mkewe alikuwa ameshavaa, mkoba mkononi.

"Baba watoto," akaita kupitia mlangoni, "mbona haufunguki?"

"Kuna gari."

"Rangi gani?"

"Jekundu."

Alijaribu kulisukuma, lakini breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Alimpigia mlinzi. Mlinzi akasema ndiyo, limepita, dereva alisema anakwenda ghorofa ya pili, angemzuiaje mtu anayejua anakokwenda? Alipiga simu hospitali. Muuguzi akamwambia, "Mzee wangu, kiti nitakishikilia kidogo, lakini kuna watu wananiangalia hapa." Fundi alishuka kwa ngazi akaulizia saluni, akaulizia kwa daktari wa meno, akawaulizia hata waliokuwa wakiruka kamba kwenye ukumbi wa mazoezi. Gari jekundu halikuwa la mtu. Alipanda tena, magoti yakimlia, akaketi sakafuni akiegemea tairi. Alizitafuta hasira zake pale zilipokuwa zikikaa siku zote na hakuzikuta. Palikuwa na uchovu tu, na hofu chini yake.

"Umerudi?" mkewe akauliza.

"Nimerudi."

"Usijitaabishe. Nimejilaza kidogo."

Mwenye gari alifika akiwa amenyolewa upya, shingo ikinukia poda. Alifuta viatu kwenye kizulia cha mlangoni kabla ya kuingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nilikuwa kwa kinyozi huko mtaa wa pili. Dakika mbili tu."

"Mke wangu yumo humo chumbani," Fundi akasema. "Alikuwa anakwenda hospitali."

"Pole sana, mzee. Mngeniambia tu, ningesogea mbele kidogo."

Aliwasha gari, akatoka nalo mlangoni kwa mwendo wa taratibu, akakata kona kwenye korido bila kugusa mtungi wa kuzimia moto. Simu ikalia. Alikuwa muuguzi, kiti kilikuwa kimeshakaliwa, wajaribu zamu ijayo, na mama asinywe maji mengi.

Mke alitoka chumbani akishika ukuta. Uso wake ulikuwa umejaa, na nyama za miguu zilimwagika juu ya viatu. Hakuuliza kuhusu kiti. Fundi alipiga magoti kwenye kona akatafuta ukingo wa nafasi ili aiviringishe, aitupe dirishani, aichome moto, lolote. Vidole havikupata pa kuingia. Ilikuwa imeshikana na sakafu kana kwamba ilimwagwa siku nyumba ilipojengwa.

"Iache," mkewe akasema. "Niletee kiti cha jikoni."

"Cha nini?"

"Nitaikalia mimi. Leo siendi popote tena."

Aliketi katikati ya namba saba, mkoba wa hospitali mapajani, akautazama mlango. Fundi aliinama kumlegezea viatu. Alilia akiwa ameinamia kamba, si kwa sauti, na mkewe akamwekea mkono kisogoni, akauacha hapo.

Gari dogo la kijani lilipanda kutoka upande wa ngazi, likasimama mbele ya mlango wao, indiketa ikiwaka na kuzima. Mwanamke aliyeliendesha alishusha kioo. Alionekana naye kuchoka.

"Shikamoo, mama. Samahani, unatoka saa hizi?"

Mke wa Fundi aliitazama miguu yake, kisha akamtazama mumewe.

"Bado kidogo, mwanangu," akasema.

"Haina shida, mama. Ahsante," mwanamke akajibu, akazima injini, akangoja.