Msimamizi wa Tumboni

Asubuhi ile mteja alitaka satini ya bluu, na satini ya bluu ilikuwa rafu ya juu kabisa, jora zito la kumtoa mtu jasho. Bosi wa duka hakuinua hata kichwa.

"Twiga, mteja."

Twiga ni jina alilobandikwa muuzaji wake pale dukani kwa urefu. Chochote cha juu kilikuwa chake. Sasa tumbo nalo lilimtangulia kila aendako. Nesi wa kliniki alishamwambia asipande, asijinyooshe kupita kichwa, asibebe vizito. Alipomweleza bosi, alijibiwa kwamba asiyefikia rafu, mlango anaufikia. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii aliitaka, na kazi aliihitaji. Akavuta stuli.

"Mama, shuka," ikasema sauti kutoka tumboni, sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Mteja akarekebisha mkoba begani, akasubiri.

"Nani huyo?" bosi akauliza.

"Mtoto."

"Mwambie tuna wateja."

"Shikamoo," tumbo likasema. "Nimesikia. Panda wewe."

"Marahaba," bosi akajibu. Mteja alikuwa na haraka, basi bosi akapanda mwenyewe.

Tangu siku hiyo duka likawa na msimamizi. Mpakuaji akiinama ovyo mlangoni, anasikia: "Magoti, mjomba! Kunja magoti! Mzigo ukumbatie kama mchumba!" Wateja wakazoea kumsalimia kabla ya kuuliza bei. Twiga akawa anauza amekaa, mgongo ukaacha kumsumbua. Bosi naye akamwonya kwamba msimamizi asichelewe kazini, na mshahara asiuote.

Jambo moja tu alilikataa: kuyashusha majora mazito hadi usawa wa kiuno.

"Rafu hizo alizipanga marehemu baba."

"Basi aje ayashushe yeye," tumbo likasema. Majora yakabaki juu.

Twiga alijifungua salama binti mnene, mwenye kulia kama watoto wote. Bosi akaja kumwona, mikono mitupu. Mkewe, mjamzito, alimfuata na kikapu kilichojaa sabuni na nepi.

"Hongera, mzazi. Utarudi lini? Kiuno changu kimegoma."

"Baba," ikasema sauti kutoka tumboni mwa mkewe, "mpokee mama kikapu."

"Nasikia, mwanangu," bosi akasema, akivuta kiti. "Ngoja nikae kwanza."

Mkewe akakitua kikapu taratibu, akamwahi kukikalia kile kiti.