Kidole Kilichokataliwa

"Baba, ukiigusa mashine, sema kwa sauti kila linalokupitia kichwani," Ummkulthum alimwambia babake. "Usijizuie. Chuoni tunasomea namna mtu na kompyuta wanavyoelewana. Wakishindwana, tunaikagua mashine kwanza, si mtu."

Mzee Haroub akacheka kicheko kikavu. "Ati kuna somo la hivyo? Basi wakubwa wote wakalisome."

Walikuwa barazani pa kituo cha afya. Juu ya meza palikuwa na mashine ndogo yenye kioo, na mbele yake kamera ya Ummkulthum ikirekodi. Mgonjwa huweka kidole gumba, ikimtambua ndipo aingie kwa daktari. Isipomtambua, arudi kwao. Bwana Himid, mkubwa wa mradi, alisimama pembeni na miwani yake ya bei. Ripoti ya Ummkulthum ya majaribio ya mashine hiyo ilikuwa ikingoja saini yake. Bila saini ile, msichana hahitimu.

Mzee akaweka kidole. Taa nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu.

"Kipanguse, mzee," alisema Bwana Himid.

"Nikipanguse na nini tena? Nimekwisha kukifuta kwa kanzu ya Ijumaa." Akaigeukia kamera ya bintiye. "Haya, nasema ninachowaza. Nawaza walioileta mashine hii hawajapata kukaa jamvini wakachambua karafuu. Sie kikonyo twakivunja kwa kidole hichi hichi, tangu udogo. Alama zimelika zote. Mwataka nikaazime kidole cha nani?"

Wagonjwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Bwana Himid hakucheka.

"Na namuwaza Mwatima," mzee akaendelea, sauti imeshuka. Kalamu ya Ummkulthum ikasimama. "Mke wangu alikuja hapa kifua kimembana. Mashine ikamkataa. Akaambiwa nenda kaoshe mikono kwa ndimu, urudi kesho. Hiyo kesho tulimzika. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kutupa pole."

"Zima kamera!" Bwana Himid alikuja juu. "Hayo si ya majaribio. Binti, kipande hicho ukikate, ndipo nitie saini."

Mzee Haroub akamtazama mwanawe. Kwa nafsi yake hakuwa akimwogopa mtu. Alichokuwa nacho cha kunyang'anywa kilikwisha kuchukuliwa. Lakini binti yake alikuwa amebakisha hatua moja tu ahitimu. Akaimeza hasira yake.

"Zima, mwanangu. Mie nishasema."

Ummkulthum hakuigusa kamera. "Bwana Himid, jaribio halimalizwi na mwenye mashine. Anayeitumia ndiye anayesema amemaliza." Akamgeukia babake. "Nawe baba usikatize kwa ajili yangu. Umemaliza?"

"Utahitimu kwa saini ya nani?" aliuliza Bwana Himid.

"Sijui. Lakini mama yangu hakatwi."

Bwana Himid akachukua mkoba wake, akashuka ngazi bila kuaga. Bi Asya, jirani yao, akainuka kwenye benchi huku akikohoa. "Mwache ende zake! Akimaliza babako, mie nafuata. Na mie nina langu."

Mzee Haroub akakivuta kiti karibu na kamera. "Sijamaliza," alisema. Akaanza upya, tangu asubuhi ile Mwatima alipoamka hawezi kupumua, taratibu, neno baada ya neno, lisipotee hata moja.