Baba Sijaona Hazikwi

Kila msimu wa korosho ulipokwisha, kikundi chetu kilicheza mchezo wa kuchekesha sokoni Newala. Familia ilikuwa ile ile: Baba Sijaona, mkewe, na binti yao Sijaona. Gasper alikuwa baba, mimi mama. Tulianza miaka ya foleni za sukari. Katika mchezo wa kwanza Baba Sijaona anapanga foleni siku nzima kwenye duka la ushirika, zamu yake inafika, anaambiwa hiyo ni foleni ya betri.

Miaka ikapita. Maduka yakajaa, foleni zikafa, nasi ikabidi tubadilike. Baba Sijaona akanunua koti la mitumba, akaringa nalo mji mzima kabla ya kugundua kuwa ni la kike. Binti niliyeanza kwa kumbeba mgongoni akaanza kuchumbiwa. Mwanangu wa kuzaa ni Ladislaus, lakini watu wote waliniita Mama Sijaona. Msimu mmoja nililalamika jukwaani kwamba nyumbani kwetu hakuna maji hata ya kunawa. Asubuhi nikakuta ndoo mlangoni, imejaa, imefunikwa kwa sinia. Na Newala maji hufuatwa bondeni. Aliyeileta simjui hadi leo.

Msimu wa ishirini Gasper akaanza kusahau maneno. Alikuwa mjane, akiishi peke yake, na mchezo ndio uliomtoa nyumbani. Nikawa namkumbusha mbele za watu, kama mke anayegomba: si ulisema unakwenda kwa mjomba? Naye alikumbuka, akaendelea.

Mwaka huo Cecil, muuza sabuni, akajitolea kutuletea jenereta na vipaza sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba mzee anachelewesha mchezo, afadhali Baba Sijaona afe jukwaani kwa heshima, tumwingize kijana. Wenzangu wakakubali. Gasper alipoambiwa aliitikia kwa kichwa. Baadaye akaniuliza polepole, "Mkishanizika, nitakuwa nakuja kufanya nini?"



Siku ya mazishi soko lilifurika. Kililetwa kitanda cha kamba chenye gogo lililofunikwa shuka, nami nikalia. Gasper alikaa nyuma ya pazia la kanga. Ndipo Hamudi, mtani wake kutoka kijiji cha Chiwata, akapanda jukwaani na kujilaza juu ya gogo. Mtani ana haki hiyo kwetu. Huweza kuzuia mazishi, na wafiwa hawamkasirikii.

"Hazikwi huyu," alisema. "Alikula kuku wangu, hata kunawa hakunawa. Atoke anijibu kwanza."

Cecil akamsihi ashuke.

"Mwenye sabuni, tulia. Zamu yako ni kuosha maiti, na maiti bado hatujakubaliana."

Sauti ikatoka nyuma ya kanga. "Kuku gani? Yule aliyekufa kwa njaa kwako? Mimi nilimsitiri tu."

Gasper akatokea. Wale wawili wakatukanana muda mrefu, na hakusahau neno hata moja, maana utani ule hakuusoma kwenye karatasi, alikua nao. Wanawake walijifuta machozi kwa ncha za kanga. Cecil alicheka hadi akakaa chini.

Mchezo ulipokwisha, Cecil akamfuata Gasper.

"Shikamoo, mzee. Naona wenye maiti wamekataa."

"Marahaba, mwanangu. Wamekataa."

Cecil akasema kijana atakuja, lakini kama mkwe.

Kwa hiyo msimu uliofuata Sijaona aliolewa, na baadaye tukawa babu na bibi. Gasper alicheza akiwa kitini, nami nikakaa karibu yake. Watu walijua hali yake. Alipotaka wacheke, walicheka. Aliposahau kweli, soko zima lilinyamaza, likamsubiri.