Neno Lililobaki

Kiharusi kilimkuta mke wangu kwenye cherehani. Kilimzoa maneno yote mdomoni kama mwizi anayehamisha duka, kikamdondoshea moja tu mlangoni: "jino." Maji, jino. Taa, jino. Mimi mwenyewe, baba wa watoto wake, jino.

Binti yetu, ambaye ni mkunga, akapiga simu. "Baba, unamwelewa kweli, au nije nimchukue?"

"Namwelewa kuliko alipokuwa anasema!" Mimi kwa kutia chumvi sijambo.

Sasa ikabidi nimwelewe. Nimestaafu utarishi, shule niliiacha la nne, vitabu nikajisomea mwenyewe. Neno moja lingenishindaje? Nikaingia mitaani. Seremala akanionyesha jino la msumeno. Fundi funguo akaniambia jino moja likilika, mlango haukujui tena. Mwashi akanipeleka kwenye ukuta aliouachia meno, matofali yamechomoza yakingoja chumba cha mwakani. Fundi baiskeli alikuwa na gia mkononi, akanicheka: "Mzee, unang'oa au unaotesha?"

"Nakusanya. Yakifika thelathini na mbili nafunga kinywa."

Kila jioni nilikaa kitandani kwake nikimmwagia mavuno yangu. Akisema "jino" kwa upole, nikaamua ni kitana, nikamchana nywele. Akilisema kwa ukali, ni zipu, nikamletea gauni lake la bluu. Akilisema huku analia, niliwaeleza majirani kwamba anakumbuka cherehani, yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa. Majirani walinisifu. Mmoja alisema mume kama mimi hazaliwi tena, nami sikumbishia.

Jumamosi binti akaja bila taarifa.

"Jino," mama yake akasema, machozi yanamtiririka hadi masikioni.

"Anasema nini, Baba?"

"Cherehani. Anaitamani."

Binti akasogea kitandani. Alimshika bega na nyonga, akamgeuza ubavu, akafunua gauni. Chini ya kiuno palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kingo zake nyeusi. Ile harufu niliyodhani ni ya dawa ikajaa chumba kizima.

"Hukuwa unamgeuza?"

"Hospitali walisema kila baada ya saa mbili."

"Na wewe?"

Nilitafuta uongo, nikakosa hata mmoja. "Akilala chali ananitazama nikisimulia."

Mke wangu alisema neno lake tena, taratibu, uso umeelekea ukutani. Binti akatoka kumwita dereva wa teksi. Walimbeba ndani ya shuka, mmoja kichwani, mwingine miguuni, nami nikawa nyuma nimeshika mto ambao hakuna aliyeniomba.

Walipomlaza ubavu kwenye kiti cha nyuma, binti akanigeukia. "Watanihoji hospitali. Kimeanza kumuuma lini?"

Jumatatu nilikuwa kwa seremala. Jumanne kwa fundi funguo. Alhamisi, mwashi.

"Sijui," nikasema.

Akauchukua mto mikononi mwangu, akafunga mlango wa gari.